Watu Elfu Arobaini na Mdomo wa Shangazi Pura

Kisiwa cha Cuyo, 8 Juni 2023

Kwa Wilmarie, binti wa kaka yangu,

Hujambo? Mimi ni mzima, ila magoti yangu na ngazi za kanisa hubishana kila Jumapili, na ngazi ndizo zinazoshinda. Mikorosho imezaa vizuri. Paka wa marehemu babu yako bado analala kwenye kiti chake na hakuna mwenye moyo wa kumfukuza. Msalimie mama yako Rosemarie na mkahawa wake wa stendi. Baba yako nasikia meli yao iko Brazili, au Ubelgiji. Kaka yangu siku zote huniambia bandari aliyokwisha kuondoka.

Nije kwenye lililonishikisha kalamu.

Juzi Jumanne jirani yangu Bi. Favila aliingia jikoni bila hodi, ameinua simu kwa mikono miwili kama padre kwenye Misa. "Mwalimu Pura," akasema, "umekuwa nyota!" Nikatazama. Nikaona matanga ya baba yangu. Nikaona jeneza, mishumaa, mashada. Mbele ya jeneza nikaona msichana wa miaka kumi na saba, sura ya ukoo wetu kabisa, anakata kiuno. Na nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, bibi mmoja amelala, kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi kama ghala lililosahauliwa kufungwa.

Bibi huyo ni mimi, endapo hukunitambua. Watu elfu arobaini wamenitambua.

Hongera, mwanangu. Nilifundisha darasa la nne miaka thelathini na minane na sikuwahi kupata watoto arobaini walionitazama kwa wakati mmoja. Wewe umenipatia elfu arobaini, tena nikiwa usingizini.

Bi. Favila anasema una wafuasi elfu kumi na mbili. Bwana Yesu alikuwa nao kumi na wawili tu, na katika hao mmoja alimuuza. Kwa hesabu hiyo wewe unao wauzaji elfu moja. Uwe unawasalimia vizuri.

Simu sina na siitaki. Utaniomba radhi kwa karatasi na wino, na herufi kubwa mahali pake. Meli huja huku kila Alhamisi.

Shangazi yako,
Purificacion Lagrada

*

Iloilo, 27 Juni 2023

Shikamoo Shangazi,

Nauinua mkono wako hadi kwenye paji la uso wangu, kama tunavyowaamkia wakubwa, ingawa kwa namna ulivyoandika, nahisi ungenizaba nao kofi. Mama hajambo, anakusalimu, na amesimama nyuma yangu kuhakikisha ninaandika. Baba yuko Afrika Kusini. Hata mimi nilidhani Brazili.

Basi: NISAMEHE, SHANGAZI. Herufi kubwa nimeziweka zote, uchague mwenyewe zipi ziko mahali pake.

Video nimeifuta. Lakini naomba ujue mambo mawili. La kwanza, ule mchezo alinifundisha babu mwenyewe, hapo barazani kwako, na akaniambia siku akiondoka niucheze asije akachoshwa na sala zenu. La pili, hakuna aliyekucheka. Nakunakilia maoni matatu: "Huyo bibi ndiye mimi." "Mwacheni mama wa watu, amechoka kulia." "Kila matanga yana shangazi mmoja anayefanya kazi zote, ndiye huyo." Walikupenda, Shangazi. Si kosa langu kwamba watu walikupenda ukiwa umenyamaza.

Unadhani huku mtandaoni ni viuno tu. Kemia yote niliyofaulu nilifundishwa na mwalimu mmoja wa Davao ambaye hajui kama nipo duniani. Baba namwona uso kwa uso kila akipata bandari. Zamani, mama anasema, alikuwa akisubiri barua miezi mitatu, na ikifika ina picha ya meli. Na yule Jovelle wa darasani kwetu, aliyekuwa anataka kujidhuru mwaka jana, ni kundi letu la mtandaoni lililogundua, si mwalimu wa nidhamu.

Halafu kuna watu wa maana. Kwa ile video yako ya kulala nimepata rafiki Manila, anaitwa Enzo, ana miaka kumi na tisa, anasomea upigaji picha. Katika wale elfu arobaini ni yeye peke yake aliyeniuliza babu alikuwa mtu wa namna gani.

Tafadhali tuletee samaki wa kukaushwa. Mama anasema wa huku mjini wana ladha ya kadibodi.

Wako mtiifu (mama ameniambia niandike hivyo),
Wilmarie

*

Cuyo, 13 Julai 2023

Wilmarie mpenzi,

Salamu zimefika na msamaha umepokelewa, ingawa ulikuja umevaa viatu. Samaki wako kwenye boksi, nimewakabidhi kwa karani wa meli. Wahesabuni, kwa sababu karani naye ana mke na watoto. Mvua imeng'oa mabati mawili ya jikoni. Bi. Favila yu mzima kupita kiasi.

Kuhusu kemia na baba yako, sina neno. Kuhusu Jovelle, Mungu awabariki. Sikujua.

Sasa huyu Bwana Enzo. Ninafurahi kusikia kwamba Manila kuna kijana wa miaka kumi na tisa anayeacha wasichana wote wa Manila ili kuuliza habari za mzee aliyefia Cuyo. Ni ajabu ya aina yake, inafaa apelekwe kwa Askofu. Nina maswali madogo tu. Mama yake anaitwa nani? Anasali wapi? Chuo gani kinamfundisha kupiga picha, na je, katika picha hizo kuna hata moja inayomwonyesha akicheka na mtu mwingine aliyesimama kando yake? Sauti yake umeisikia? Masikio yake umeyaona? Mtu humjui mpaka umeona masikio yake.

Usinijibu kwamba ana roho nzuri. Roho nzuri ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuandika. Mimi niliwahi kumfahamu mtu mmoja aliyeletewa roho nzuri kwa barua, miezi kumi na minne mfululizo...

Lakini hayo tuyaache. Mabati yananisubiri.

Shangazi yako,
Pura

*

Iloilo, 9 Agosti 2023

Shikamoo Shangazi,

Samaki walifika kumi na wanane. Ulituma wangapi? Mama alilia kidogo akiwakaanga, akasema ni moshi. Baba yuko salama, meli yao imeshusha magari. Mimi nimeanza mwaka wa mwisho wa sekondari na nimechaguliwa kuongoza kikundi cha ngoma.

Majibu ya mtihani wako ni haya. Mama yake alifariki. Anasali nyumbani. Chuo ni cha binafsi. Sauti nimeisikia kidogo, mtandao wa kwao ni mbaya. Masikio hajanitumia, nitamwambia Shangazi yangu anakusanya.

Unajua anachonifurahisha? Hajawahi kuniomba kitu kibaya. Marafiki zangu wote wana visa vya wanaume wanaoomba picha za ovyo, yeye kamwe. Alichoniomba ni imani tu. Tumebadilishana maneno ya siri ya akaunti zetu, yangu kwake na yake kwangu, ili asiwepo wa kumficha mwenzake kitu. Naona ni jambo zuri kuliko pete. Pete unaweza kuivua.

Usikasirike nikisema ukweli. Wewe ni mwalimu mzuri, unajua kila kitu cha vitabuni. Lakini hujawahi kumpenda mtu wala kumngoja. Utajuaje?

Nakupenda hata hivyo.
Wilmarie

*

Cuyo, 24 Agosti 2023

Wilmarie,

Barua yako imefika. Samaki walikuwa ishirini na wanne.

Mabati yamepigiliwa. Paka ameugua sikio, amepona.

Badilisha hilo neno la siri leo.

P. Lagrada

*

Cuyo, 27 Septemba 2023

Wilmarie mwanangu,

Meli nne zimekuja bila barua yako. Nimezishukia zote gatini, mpaka wapagazi wameanza kuniuliza kama nafanya kazi ya forodha. Najua nilikuandikia kwa ukali. Nilikuwa nimechomwa. Lakini mama yako amenitumia karatasi, anasema huli, ngoma umeacha, na simu yako imelala kwenye droo wiki tatu imezimwa. Anadhani umeongoka. Ameshukuru hadi kwa Mtakatifu Yosefu.

Mimi sijashukuru. Mtoto mwenye makelele akinyamaza ghafla, ama ameiba ama ameibiwa. Na wewe hujui kuiba.

Kwa hiyo nitakuambia jambo ambalo baba yako halijui, na babu yako alizikwa bila kulijua.

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu mpya, nywele hadi kiunoni. Kulikuwa na jarida lililokuwa likiuzwa gatini, na ukurasa wake wa mwisho ulikuwa na anwani za watu wanaotafuta rafiki wa kalamu. Nikamwandikia Kapteni Rafael Montemar, mjane, wa meli ya mizigo. Akajibu. Miezi kumi na minne akajibu! Alikuwa na mwandiko mzuri na roho nzuri. Aliwahi kuniuliza majina ya kuku wangu, kisha katika barua zote zilizofuata akawa anawasalimia mmoja mmoja. Ulisema sijawahi kungoja. Niliuza cherehani ya mama yangu, nikanunua tikiti na kitambaa cha njano, nikashona gauni kwa mkono kwa sababu cherehani sikuwa nayo tena, nikaenda Iloilo kuingoja meli yake gatini. Nilingoja siku tatu.

Siku ya nne nikaifuata anwani ya kwenye bahasha. Kilikuwa kiwanda kidogo cha uchapaji. Nikawakuta vijana wawili, wino hadi viwikoni. Walipoona gauni la njano, maana nilikuwa nimemwahidi Kapteni rangi hiyo, mmoja alicheka mpaka akaketi sakafuni. Barua zangu zilikuwa zimebandikwa ukutani juu ya mashine, pamoja na za wanawake wengine. Pale nilipoandika kwa moyo palikuwa pamepigiwa mstari mwekundu. Wafanyakazi tisa walikuwa wakizisoma wakila chakula cha mchana. Yule kijana wa pili hakucheka, alikuwa akitazama viatu vyake. Sijui kwa nini ni huyo ninayemkumbuka zaidi.

Nyumbani nilikuwa nimeaga kwamba naenda kung'oa jino. Basi kabla ya kupanda meli nikaingia kwa daktari wa meno. Akaniuliza, "Lipi linauma?" Nikasema, "Lolote linaloonekana." Akasema, "Binti, haya yote ni mazima." Nikamwambia, "Ng'oa."

Hilo ndilo pengo walilolitazama watu wako elfu arobaini.

Kwa hiyo usinifiche kwa aibu. Mimi aibu nimeishi nayo nyumba moja miaka arobaini na minne, hainishangazi tena. Mficha uchi hazai. Andika.

Shangazi yako,
Pura

*

Iloilo, 2 Oktoba 2023

Shangazi,

Barua yako niliipata Ijumaa mchana. Niliisomea chooni mkahawani, mara tatu, mpaka wateja wakaanza kugonga mlango. Ungeichelewesha siku moja tu, leo ningekuwa naandika kitu kingine, au nisingeandika kabisa.

Neno la siri sikulibadilisha siku ile. Nilikuwa na hasira na wewe. Siku tano baadaye Enzo akalibadilisha yeye. Nikawa nje ya akaunti yangu mwenyewe, kama mtu aliyefungiwa mlango huku akimwona mgeni dirishani amevaa nguo zake. Akaniambia nikimwambia mtu yeyote, ataandika kwa jina langu mambo ambayo hata mama hatanitazama tena usoni. Nikazima simu. Nilidhani nikiizima, naye atazimika.

Hakuzimika. Wiki nne nzima alikuwa mimi. Baba alinitumia ujumbe wa sauti siku yangu ya kuzaliwa, akaimba wimbo mzima yeye na wapishi wa meli. Aliyeimbiwa ni yule. Yule akajibu, "Asante babangu, nimelia." Baba anasema ndiyo siku tuliyoongea vizuri kuliko zote mwaka huu. Nilicheka, Shangazi. Ungekuwapo ungecheka pia, kisha ungevunja kitu.

Lakini hilo si baya zaidi. Nilipomaliza barua yako nikaazima simu ya mama, nikaenda kuitazama akaunti yangu kama mpita njia. Nikaona "mimi" natafuta wasichana wa kupigwa picha za tangazo la sabuni. Chini yake ameitikia Honeylet, wa mtaani kwetu, ana miaka kumi na minne, huwa anakuja kutazama mazoezi yetu ya ngoma na kunibebea maji.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwao. Mama yake alikuwa sokoni. Nikamkuta mbele ya kioo, anajipaka rangi ya midomo, mkoba uko tayari.

"Dada Wilma! Mbona umekuja huku? Si ulisema tukutane kule kule madukani?"

"Nilisema nini kingine?"

"Nisimwambie mama. Kwamba hii ni siri ya madada." Akacheka. "Unanipima, eh? Sijamwambia mtu!"

"Honeylet, yule si mimi."

Akanitazama, midomo nusu imepakwa. "Dada, sema tu umebadili mawazo. Umeona nitachaguliwa mimi."

"Nakwambia si mimi."

"Ni wewe! Sikiliza." Akanisomea. Kila neno lilikuwa langu, Shangazi. Jinsi ninavyosema "jamani", jinsi ninavyocheka kwa ha tatu. Hata mimi ningemwamini.

Nikaketi mezani, nikaiweka mikono yangu yote miwili juu ya meza, mitupu. Nikamwambia, "Niandikie sasa hivi. Niulize uvae nini." Akaandika huku akininunia. Tukangoja. Simu yake ikalia.

"Vaa ile nyekundu, mdogo wangu. Nakusubiri. Ha ha ha."

Tuliitazama mikono yangu sote wawili. Kisha Honeylet akaifuta midomo kwa mkono wa shati lake la shule mpaka ukawa mwekundu wote.

Nilimwambia mama yake, nikamwambia mama yangu, tukaenda polisi. Askari wa zamu akauliza, "Ulimpa neno la siri kwa hiari yako? Na ufunguo wa nyumba ulimpa lini?" Kisha wakapeleka madukani askari wanne waliovaa sare na viatu vya kung'aa, kama wanaenda gwaride. Nashangaa hawakuchukua tarumbeta. Hakuna aliyetokea.

Mama yake Honeylet hasemi na sisi. Shuleni wanasema mimi ndiye niliyekuwa nauza wasichana.

Njoo, Shangazi. Mama hajanituma kukuomba.

Wilmarie

*

Cuyo, 30 Oktoba 2023

Wilmarie mpenzi,

Nimerudi salama, yaani nilitapika mara sita tu. Abiria mwenzangu alinihesabia. Nyumba nimeikuta, paka amenikasirikia. Mwambie mama yako supu yake ya tambi ingeweza kumfufua mtu, ila apunguze pilipili asije akamrudisha alikotoka.

Kwa kuwa pale polisi tulipokwenda pamoja ulitolewa nje unywe maji, hukuona kilichofuata. Nilimwomba yule askari anisomee alichoandika. Akasoma: "Mlalamikaji alijitakia mwenyewe." Nikamwambia, kijana, sentensi hii ina makosa mawili, moja la lugha na moja la malezi. Tuanze na lugha. Alifuta akaandika upya mara tatu, nami nimesimama kando. Mara ya tatu ilikuwa nzuri, nikamwambia hivyo. Akasema, "Asante, Mwalimu," kabla hajakumbuka kwamba ana bastola.

Kuhusu ile video. Ulifungua akaunti mpya yenye wafuasi tisa, mmoja akiwa mama yako, ukaniambia nikae tu kando yako ukiwaeleza watu yaliyokupata, usiogope. Sijui ni nini kilinipanda. Nilipoona umefika kwenye neno la siri, mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema habari za Kapteni, za ukuta, za jino. Yote! Miaka arobaini na minne sikumwambia padre kwenye kitubio, nikaenda kukiambia kioo cha simu.

Bi. Favila amekwisha kuiona. Alikuja, akapiga hodi, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia, akaketi. Kisha akaniambia yeye pia alikuwa akinunua lile jarida.

Je, kuna lolote? Au tumejivua nguo bure?

Pura

*

Iloilo, 26 Novemba 2023

Shikamoo Shangazi wangu mashuhuri,

Mama hajambo, amepunguza pilipili, wateja wanalalamika. Baba amenitumia wimbo upya, safari hii moja kwa moja, ananiona nami namwona. Aliimba vibaya zaidi. Wapishi waligoma.

Kuna lolote! Wasichana kumi na mmoja, Shangazi. Waliniandikia mmoja baada ya mwingine, wa Roxas, wa Bacolod, wa Antique, mmoja wa hapa hapa Iloilo mitaa miwili kutoka kwetu. Wote walikuwa na "Enzo" wao, wote babu zao au mama zao walikuwa wamefariki, na wote aliwauliza habari za marehemu. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Yule wa Roxas alikuwa amekwenda kukutana naye mwaka jana, akaona mtu si yule wa picha, akakimbia; lakini kabla ya kukimbia alilipiga picha gari lake. Namba zinasomeka.

Walimkamata Jumanne iliyopita. Ana miaka arobaini na mitatu, anauza vifuniko vya simu, ana watoto wawili. Picha za "Enzo" ni za kijana fulani wa nchi nyingine ambaye naye hakujua. Masikio yake nimeyaona sasa, gazetini. Ya kawaida kabisa. Hilo ndilo lililonitisha.

Kesi itakuwa Machi na nitatoa ushahidi. Honeylet pia. Sidhani kama tumerudi kuwa kama zamani: juzi alipita mazoezini, maana ngoma nimeirudia, akasimama hadi mwisho kisha akaenda. Maji hakubeba. Nilifurahi kwamba hakubeba.

Si wote wema. Kuna mwanaume aliandika tulivyo na hamu ya umaarufu, bibi na mjukuu. Nilimjibu kwamba wewe ni shangazi, si bibi, arekebishe matusi yake.

Na kuna ujumbe mmoja ambao sikutaka kukutumia. Mama amesema si wangu, ni wako. Naunakili ulivyo:

"Mwalim, mimi ni Teodulo Espinar, wa uchapaji ule. Mwenzangu alikufa zamani. Mwandiko wa Kapteni ulikuwa wangu. Naomba ruksa kuja kusema samahani. Nina miaka sitini na nane."

Nimpige marufuku? Ni kubonyeza mara moja tu.

Wilmarie

*

Cuyo, 21 Januari 2024

Wilmarie mwanangu,

Heri ya mwaka mpya iliyochelewa. Sikukuu tulikula tambi, nguruwe alikuwa mdogo, Bi. Favila aliimba. Niko mzima. Mikorosho imeanza kutoa maua.

Nimenyamaza muda mrefu, na wewe kwa hekima mpya uliyonunua kwa bei mbaya hukunisukuma. Nakushukuru. Nilikuwa nikifikiri.

Nilimjibu Bwana Espinar kwa simu ya Bi. Favila. Kwanza nilimsahihisha tahajia, "Mwalimu" na "ruhusa". Kisha nikamwandikia: meli hufika Alhamisi saa mbili asubuhi. Ningoje gatini. Nitakuja.

Alhamisi iliyopita saa mbili asubuhi nilikuwa jikoni kwangu nakaanga korosho. Polepole, kwa moto mdogo. Saa tatu Bi. Favila akaja mbio: "Yuko pale! Mzee mfupi, ana mkongojo, amevaa shati jeupe la kanisani!" Nikamwambia mwache. Saa nne akarudi: "Pura, pale hakuna kivuli." Nikasema, najua, nimewahi kusimama kwenye gati lisilo na kivuli. Saa tano hakurudi. Alikuwa amekwenda kumpelekea mwavuli, msaliti yule.

Nilikuwa nimepanga kumwacha siku tatu. Ni haki yangu, nadhani hata hakimu angesema hivyo. Lakini saa tano na nusu nikajikuta nafunga mlango, natembea, na njia nzima natayarisha maneno. Maneno hayo nimekaa nayo toka nina miaka ishirini na miwili. Yalikuwa yamenyooka, hayana kosa hata moja, na yangemkata mtu vipande.

Alisimama aliponiona. Mkongojo ukamwanguka, hakuuokota. Akasema, "Wale kuku..." Midomo yake ilikuwa imekauka na jua. Niliitazama ile mikono iliyoandika, na kwenye kucha moja bado kulikuwa na wino, kana kwamba wino huo hautoki kamwe.

Nikafungua mdomo kumwambia yote niliyoyatunza.

"Umekula?" nikamwuliza.

Hakuwa amekula.

Shangazi yako,
Pura